Usonji: sio kiziwi, sauti zote zinaingia kwa mpigo

Wadau, mtoto mwenye usonji ukimwita asigeuke, utasikia "kiziwi huyo" au "ana kiburi". Mimi nabisha. Apimwe masikio, sawa, ila mara nyingi ni mazima, ishu iko kwenye ubongo. Wewe hapo kafe kuna feni, kibodi, honi za daladala, lakini ubongo wako unazichuja umsikie mshkaji. Kwa wengi wenye usonji hazichujiki, zote zinagombania nafasi. Daktari Leo Kanner aliliona hili mwaka 1943 kwa watoto 11: baadhi walidhaniwa viziwi, kumbe kelele kubwa ziliwatisha vibaya. Temple Grandin, profesa wa Marekani mwenye usonji, anasema kengele ya shule ilimuuma kama mashine ya daktari wa meno ikigusa mshipa. Kwa hiyo akiziba masikio, usimtoe mikono jamani. Zima redio, mwite jina, subiri kidogo.