Land Cruiser yako inachemsha? Kagua feni na rejeta kabla ya kufungua hedi

Msimu wa kusomba mazao ukifika, swali hili hutufikia mara kwa mara hapa studio: gari linachemsha likipanda mlima, fundi amesema gasketi imekufa, je, nikubali afungue hedi? Tumeona tuliandike jibu lake ili uwe nalo kwenye simu, hata ukiwa porini.

Tunazungumzia Toyota Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na lita 4.2 isiyo na turbo, iliyoanza kutoka mwaka 1990. Vijijini ndiyo hiyohiyo inabeba mgonjwa usiku na magunia mchana. Ni injini ngumu, ila ikichemshwa mara kwa mara hedi hupinda au kupata ufa. Kwa hiyo fundi anayeshuku gasketi anaweza kuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mara nyingi gasketi hufa kwa sababu kuna kitu kingine kilichochemsha injini kwanza. Ukibadilisha gasketi ukakiacha kile kitu, utarudi gereji.

Sisi wenyewe tulilipa ada hiyo. Gari letu la kwenda kurekodi vijijini lilikuwa likichemsha kwenye mlima wa Chimala kwenda Matamba, ule wenye kona 57. Gereji ya kwanza ikatoa themostati ikatupa. Ya pili ikafungua hedi na kuweka gasketi mpya. Tukapanda tena, na kabla ya nusu ya mlima mshale wa joto ukawa juu. Fundi wa tatu, mzee mmoja, alisubiri injini ipoe kidogo, ikiwa imezimwa, akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka kama gurudumu la baiskeli. Klachi ya feni ilikuwa imekufa, na huenda ilikufa tangu mwanzo.

Jiulize kwanza: linachemsha wakati gani?

Kama linachemsha ukienda polepole na mzigo, au kwenye mchanga na tope, lakini kwenye barabara nzuri linapoa, shuku feni. Ukienda kasi, upepo wa mbele unaifanyia feni kazi yake. Ukipanda kwa gia namba mbili hakuna upepo, feni ipo peke yake. Klachi yake ina mafuta ya silikoni ndani. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa ya moto, klachi hukaza na feni huvuta kwa nguvu. Mafuta hayo yakivuja au yakichoka, feni inateleza tu. Zima injini ya moto, kisha izungushe kwa mkono: inatakiwa iwe nzito. Usiguse feni injini ikiwa inawaka, hata kama umemuona fundi akifanya hivyo.

Kama linachemsha ukiwa kasi kwenye tambarare, feni haina hatia. Hapo maji hayapiti vizuri kwenye rejeta, au hewa haipiti. Tazama kwanza kwa nje: mbegu za nyasi, wadudu na tope hujaa kwenye mapezi ya rejeta. Ioshe ikiwa imepoa, ukipiga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa shinikizo dogo mapezi yasilale. Kisha, injini ikiwa imewaka mpaka ikapata joto na kuzimwa, pitisha kiganja kwa uangalifu mbele ya rejeta. Sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto inaonyesha mirija iliyoziba. Wenzetu wanaojaza maji ya visima vya Dodoma na Singida wanalijua hili, maana chumvi yake huganda ndani kama ile ya kwenye birika. Kama kulanti haipatikani kwa siku hiyo, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni afadhali kuliko ya kisima.

Kama maji yanapungua, tafuta yanakokwenda. Wota pampu ina tundu dogo chini yake. Likidondosha maji, sili imekwisha. Kagua mipira, hasa inapobanwa na klipu. Angalia pia mikanda ya feni: iko miwili, na ukibadilisha mmoja badilisha na wa pili.

Mfuniko wa rejeta watu huudharau. Kazi yake ni kubana shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kwenye miinuko ya mita 2,000 maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 93 tu. Mfuniko wenye raba iliyopasuka unaiacha injini yako ichemshe kama sufuria hiyo. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyotaja.

Kuhusu kutoa themostati, hatukubaliani na mazoea haya. Themostati nyingi za namna hii, zinapofunguka kwa joto, kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa. Asubuhi ya baridi nayo injini inachelewa kupata joto na inakula mafuta. Ipime kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni: ikikataa kufunguka maji yanapochemka, nunua nyingine.

Gasketi yenyewe ina dalili zake. Washa injini ikiwa baridi kabisa, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Mapovu yasiyoisha, mpira wa juu unaokuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa: ukiona mojawapo, hapo kufungua hedi kuna sababu. Hedi ikifunguliwa, ipelekwe ipimwe kama imepinda au ina ufa kabla ya kurudishwa.

Likichemsha njiani, simama. Kama maji bado yamo, iache injini isilale kwa dakika chache, hita ikiwa wazi. Kama maji yamemwagika, zima mara moja. Na usidanganywe na mshale ulioshuka ghafla: kihisi kikikosa maji kinaweza kusoma baridi wakati injini inaungua. Usifungue mfuniko mpaka mpira wa juu ushikike bila kuunguza. Usimwage maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi itapasuka.

Baada ya matengenezo yoyote, egesha pua ya gari ikiwa juu, jaza taratibu mfuniko ukiwa wazi na hita imefunguliwa, acha injini iwake mpaka mapovu ya hewa yaishe. Kesho yake asubuhi fungua tena kabla ya kuwasha. Mara nyingi utaongeza lita moja hivi, kwa sababu ya hewa iliyokuwa imebaki ndani.