Mjumbe wa Taifa na Siri ya Nafsi: Mapokeo ya Jamii kwa Wanamichezo Waliotangaza Mapenzi ya Jinsia Moja, 1968–2013

Historia ya riadha ya nyanda za Karatu na Ngorongoro husimuliwa zaidi kama historia ya taifa. John Stephen Akhwari wa Mbulu, wilaya ambayo wakati huo ilijumuisha Karatu, alimaliza marathoni ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu wake ukiwa umefungwa bendeji. Akasifiwa kwa kutouacha wajibu aliotumwa. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka 1976 hakukimbia Montreal, kwani Tanzania ilisusia michezo hiyo kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Katika mifano yote miwili mwanariadha alikuwa mjumbe, na miguu yake ilikuwa mali ya waliomtuma.

Makala haya yanadai kwamba dhana hiyo ya ujumbe ndiyo inayoeleza vyema jinsi jamii mbalimbali zilivyowapokea wanamichezo waliotangaza mapenzi ya jinsia moja. Katika michezo ileile ya 1968, daktari Tom Waddell wa Marekani alishika nafasi ya sita katika dekathloni. Mwaka 1976 alijitangaza hadharani, na mwaka 1982 akaanzisha michezo ya mashoga mjini San Francisco. Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilipinga matumizi ya neno “Olimpiki” katika jina la michezo hiyo, na Mahakama ya Juu ikaipa ushindi mwaka 1987, wiki chache kabla ya Waddell kufariki. Mgogoro haukuhusu uwezo wake uwanjani. Ulihusu nani anastahili kubeba jina lenye heshima.

Justin Fashanu, mwanasoka wa Uingereza ambaye baba yake alikuwa Mnijeria, alijitangaza mwaka 1990. Sheria ya Uingereza ilikuwa imeacha kuwaadhibu watu wazima kama yeye tangu 1967, lakini ndugu yake John alimkana hadharani. Justin alijiua mwaka 1998. Hivyo basi, kulegezwa kwa sheria pekee hakukutosha pale ukoo ulipoona jina lake limechafuliwa. Jason Collins wa NBA alipojitangaza mwaka 2013, Rais Barack Obama alimpigia simu kumpongeza: waliomtuma walikuwa wamekubali kumpokea.

Nchini Tanzania mwelekeo ulikuwa kinyume. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye asili ya kikoloni, kiliongezewa ukali mwaka 1998 hadi kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka 30. Mkimbiaji wa Karatu anayeshindana London au Boston anaweza kusema ukweli wake huko. Nyumbani, kauli hiyohiyo yaweza kumfikisha mahakamani na kuwaaibisha wazazi wake.

Kwa msingi huo, mtafiti wa riadha ya eneo hili hapaswi kuuchukua ukimya kuwa ushahidi kwamba watu hao hawapo. Ukimya huo wenyewe ni zao la historia: umejengwa na sheria, ukoo na heshima ya taifa, na unastahili kuchunguzwa kwa makini sawa na rekodi za mbio.