Kabla hujaenda kuona malungu ya Ufipa

Kama una siku nne au tano za likizo mwezi Julai au Agosti, na umechoka kuambiwa kwamba mambo ya kale ya Tanzania ni Kilwa, Bagamoyo na Olduvai tu, panda basi uende Sumbawanga. Ukitokea Mbeya unafika Tunduma, unakata kulia, halafu ni lami kama kilomita 223 mpaka mjini. Beba koti. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Julai pale juu haina utani. Ukifika, kabla hujamaliza chai, mtu atakuwa ameshakueleza maana ya jina la mji: sumba wanga, yaani tupa uchawi. Ulicho nacho kiache hapo stendi.

Sasa, unakwenda kuona nini? Ukitoka mjini kwenda kaskazini, upande wa Chala na Namanyere wilayani Nkansi, na pia katika vijiji vingi vya uwanda wa Ufipa, kuna minara ya udongo iliyosimama mashambani na kwenye vichaka. Chini ni mipana, juu imebanwa kidogo, kama mtungi mkubwa uliokatwa shingo. Iliyobaki mizima inafika mita tatu, yaani mtu mzima akisimama mabegani kwa mwenzake ndiyo kwanza achungulie ndani. Kwa Kifipa mmoja unaitwa ilungu, mingi ni malungu. Ni matanuru ya kuyeyushia chuma. Na ukiniuliza mimi, hicho ndicho kitu cha Ufipa kinachokaribia zaidi kuitwa hekalu la kale. Nitakueleza kwa nini, lakini tuanze na jinsi kinavyofanya kazi, maana bila hapo utaona udongo tu.

Angalia chini ya ilungu. Kuna matundu kuzunguka kitako chote, mara nyingi yanakaribia kumi, moja likiwa kubwa kama mlango mdogo. Humo ndimo ilimoingizwa mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Halafu jiulize: mivukuto ilikaa wapi? Haikuwepo. Wahunzi wengi wa Afrika Mashariki walivukuta kwa mikono, saa baada ya saa, lakini ilungu lilijivutia hewa lenyewe.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye kiganja. Kwenye mwinuko ule, mita moja ya ujazo ya hewa ya kawaida ina uzito wa karibu kilo moja. Hewa hiyohiyo ikipashwa moto kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi inatanuka mpaka mita ya ujazo inabaki na kama robo kilo. Kwa hiyo ndani ya mnara wa mita tatu kuna safu ya hewa nyepesi, na nje kuna safu ya hewa nzito ya urefu uleule. Tofauti yake, kwa kila mita ya mraba, ni kilo mbili na kidogo. Hiyo ni sawa na uzito wa maji ya kina cha milimita mbili. Basi! Milimita mbili za maji ndizo zilizokuwa zinasukuma hewa kupita katika rundo la mkaa na mawe ya chuma, na hapo nimekuhesabia kana kwamba mnara mzima una joto moja kutoka chini hadi juu, jambo ambalo haliwezekani.

Ndiyo maana urefu ulikuwa na umuhimu. Punguza mnara nusu, na nguvu ya mvuto inapungua nusu. Ndiyo maana pia kazi ilichukua siku kadhaa, usiku na mchana, na kula mkaa mwingi sana. Wafipa walitumia mkaa na muda, wakaokoa mikono. Na malungu mengi yalijengwa yakiegemea kichuguu: udongo wa kichuguu unashika vizuri na kustahimili moto, na kichuguu chenyewe kilikuwa ngazi ya kupanda kujaza mkaa kwa juu. Mchwa walikuwa wameshafanya nusu ya kazi.

Ndani ya tanuru chuma hakiyeyuki kikawa maji. Chuma safi kinahitaji nyuzi 1,538, na ilungu halikufika huko. Kinachotokea ni kwamba mkaa unaoungua kwa hewa kidogo unatoa kaboni monoksaidi, nayo inaichomoa oksijeni kutoka kwenye mawe ya chuma. Uchafu wa mawe unayeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 1,200 hivi, unatiririka na kuganda. Hayo ndiyo mavi ya chuma, mawe meusi mazito yenye vitundu, ambayo utayakanyaga kabla hata hujaliona ilungu lenyewe. Kilichotoka humo kilikuwa bado mchanganyiko, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo lililoitwa kintengwe, na hapo sasa mivukuto ikatumika kukisafisha. Baadaye mhunzi akafua jembe au shoka. Jembe ndilo lililobeba mambo yote, kwa sababu kilimo cha Wafipa ni cha matuta makubwa ya udongo yanayofunika nyasi mpaka zioze, na matuta hayo huwezi kuyainua kwa kijiti.

Mambo haya tunayajua kwa sababu watu waliyaandika mapema kidogo. Padri Wyckaert wa Wamisionari wa Afrika alichapisha maelezo ya wafua chuma wa huku mwaka 1914. Greig aliandika mwaka 1937, na Wise mwaka 1958, katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Miaka ya 1990 mwanaakiolojia wetu Bertram Mapunda alitembea Nkansi na kuonyesha kwamba malungu si teknolojia pekee ya eneo hilo. Kando ya Ziwa Tanganyika kuna mabaki ya matanuru madogo yanayoitwa katukutu, yaliyovukutwa kwa mivukuto, na kuna ya tatu inayohusishwa na Warongo. Kwa hiyo mtu akikuambia "chuma cha asili cha Mwafrika" kana kwamba ni kitu kimoja, mpeleke Nkansi.

Turudi kwenye hekalu. Ilungu halikuwa kiwanda ambacho mtu anaingia na kutoka anavyotaka. Lilitendewa kama bibi harusi: likishajengwa lilipambwa, likaimbiwa, na wayeyushaji walikuwa kama waume zake. Kwa muda wote wa kazi walitakiwa kujitenga na wake zao wa nyumbani, maana kulala nao kungekuwa uzinzi dhidi ya tanuru, na chuma kingeharibika. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, na dawa nyingine zilifukiwa chini ya sakafu kabla moto haujawashwa. Kuna watu husoma haya wakacheka, wengine husema ni ushirikina uliopachikwa juu ya sayansi. Mimi naona hatuna haki ya kuvitenganisha kirahisi hivyo. Fikiria kundi la wanaume wanaotakiwa kukaa porini siku kadhaa, bila kulala vizuri, wakilinda moto unaovutwa na milimita mbili za maji. Mwiko wa kutokwenda nyumbani unawaweka pale. Kama walivyoeleza wao ni ndoa. Ukitazama kwa jicho la fizikia ni zamu ya usiku isiyokatika.

Ukiwa Sumbawanga, tenga pia nusu siku kwa ajili ya Milanzi na mlima Itwelele. Katika simulizi za Wafipa hapo ndipo mahali pa mwanzo, alipokaa Ntatakwa, mtawala wa kwanza. Siku moja hayupo, wakafika wanawake wageni, na mmoja akakalia kigoda chake. Aliporudi hakukuwa na vita. Walielewana: ukoo wa wageni, Watwa, utawale nchi, na Milanzi ibaki na eneo lake na heshima ya kwanza katika matambiko. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alijenga kitabu kizima juu ya mapatano hayo. Usitegemee magofu. Pale ni kijiji na mlima, na watu wana maisha yao. Nenda kwanza kwa viongozi, ueleze shida yako, na kama kuna mahali utaambiwa pasikanyagwe, usipakanyage. Huhitaji sababu.

Kwa malungu utaratibu ni uleule: mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, halafu mwenye shamba. Usiulize "minara ya zamani", uliza ilungu, na muulize mzee. Kiangazi ni bora kwa sababu mahindi yameshavunwa na nyasi zimeungua, kwa hiyo tanuru ambalo Machi usingeliona ukiwa hatua kumi, Agosti unaliona kutoka barabarani. Usipande juu yake hata kwa picha moja. Na tafadhali usibebe kifaa cha kutafutia madini wala sururu. Nchi hii ina imani kubwa kwamba Mjerumani aliacha mali ardhini, na mgeni anayepimapima karibu na kitu cha kale huacha nyuma yake shimo, hata kama hakulichimba yeye.

Hapa ndipo penye uchungu kwangu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalihesabu jengo kuwa kumbukumbu moja kwa moja likiwa limejengwa kabla ya mwaka 1863. La baadaye linasubiri Waziri alitangaze. Sasa piga hesabu: wayeyushaji walikuwa bado kazini wakati Wyckaert anaandika, mpaka majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipowashinda bei. Ilungu lililosimama leo likiwa zima huenda lilijengwa mwaka 1890 au 1905. Kwa sheria, yule mwenye shamba anayelibomoa ili apate nafasi ya matuta matatu hajavunja chochote. Mvua nayo haisomi sheria. Udongo uliochomwa kwa ndani tu unaliwa na maji kwa nje kila masika.

Wenzetu wa Burkina Faso walikuwa na vitu vya jamii hiihii. Mwaka 2019 maeneo yao matano ya kuyeyushia chuma, yenye matanuru kama kumi na matano yaliyosimama, nayo ya kujivutia hewa, yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hayo kumi na tano hayakuandikwa kabla mtu hajakwenda kuyahesabu.

Kwa hiyo usirudi na selfi tu. Chukua futi kamba. Pima kimo kwa upande wa juu na wa chini wa mteremko, pima upana wa kitako, hesabu matundu na useme mlango mkubwa unatazama wapi. Piga picha pande nne, weka kitu cha kulinganishia ukubwa, washa mahali kwenye simu ili uandike nukta za ramani. Angalia kama kuna kichuguu pembeni na mavi ya chuma yamelala upande gani, lakini usiyaokote. Muulize mzee jina la mahali na kama babu zake walikuwa wafua chuma, na umwombe ruhusa kabla hujarekodi. Nakala moja mpe mtendaji wa kijiji, nyingine ipeleke kwa Afisa Utamaduni wa wilaya, ukiwa umeandika tarehe.