Marehemu Anayeendelea Kutia Saini

Miaka kadhaa iliyopita niliingia duka moja la vinyago jijini Dar es Salaam, nikaoneshwa picha ya chui iliyochorwa kwenye hadibodi. Muuzaji aliipangusa kwa mkono wa shati, kisha akanielekezea kona ya chini: E.S. Tingatinga. "Hii ya mzee mwenyewe, kaka," aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayenigawia siri ya ukoo. Niliisogeza puani. Ilikuwa bado inanuka rangi. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 1972.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mama yake alikuwa Mkristo, baba yake Mwislamu, na majina yake mawili ya mwanzo yanasimulia ndoa hiyo bila maelezo zaidi. Katikati ya miaka ya 1950 alishika njia ya vijana wengi wa kusini, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Kutoka huko alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi za bustani na za nyumbani kwa Mzungu, na vibarua vingine vya mjini. Uchoraji hakuusomea popote. Alipoanza, mwaka 1968, alichukua vilivyokuwa karibu na mfuko wake: hadibodi iliyokatwa vipande vya mraba, kila upande kama futi mbili, na rangi ya kopo, ile ya kung'aa iliyotumika kupaka baiskeli. Picha zilipangwa chini ya mbuyu pale Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni waliokuwa wakiishi mtaa ule walifika kununua mahitaji ya nyumbani.

Wapo wanaodhani picha hizi zimepewa jina la mashine ya kusawazisha barabara. La, ni jina la familia, na matatizo yote yanayofuata yanaanzia kwenye jina hilo.

Kazi zake mwenyewe ni tulivu kuliko zile tunazoziona leo kwenye vibanda vya watalii. Mara nyingi ni mnyama mmoja au ndege, amejaa ubao, madoa yake yamepangwa moja moja, na nyuma yake rangi tupu. Hakuna Mlima Kilimanjaro, hakuna msururu wa twiga wakati jua likizama. Aliwaita ndugu na jamaa wakae kando yake: Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo, Omari Amonde. Shule yao ilikuwa kuangalia mkono wa fundi na kuufuata, kama anavyojifunza seremala au kinyozi. Kunakili hakukuwa kosa, ndio ulikuwa mtaala wenyewe. Kisha, mwaka 1972, polisi wakampiga risasi Tingatinga wakimdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Wateja hawakuacha kuja. Waliuliza "Tingatinga", na wanafunzi walikuwa nayo, kwa maana moja. Jina lilikuwa limeanza kuwa kama kiwi, ambayo zamani ilikuwa kopo la kampuni moja na sasa ni dawa yoyote ya viatu. Mchoraji aliyemuuzia Mzungu picha na kuiita Tingatinga alikuwa akisema kweli kuhusu mtindo. Mzungu aliyeipeleka kwao akaitundika ukutani alikuwa akiamini jambo kuhusu mkono. Pengo kati ya maana hizo mbili ndimo walimopata riziki waghushi, na waliokuja baadaye hawakuishia kwenye utata wa maneno. Waliandika kabisa E.S. na jina la marehemu.

Mtu atauliza: maabara zipo, kwa nini zisitumike? Jibu linatupeleka Uholanzi.

Mwaka 1937 Abraham Bredius, mzee wa zaidi ya miaka 80 na mtu aliyeheshimika kuliko wote katika kuzitambua picha za kale za Kiholanzi, alitangaza kwamba imeonekana kazi isiyojulikana ya Johannes Vermeer, mchoraji wa karne ya 17. Ilimwonesha Yesu akila na wanafunzi huko Emau. Jumba la makumbusho la Boijmans, Rotterdam, likaipata kwa zaidi ya gilda 500,000. Aliyeichora alikuwa hai, tena akiishi kwa anasa: Han van Meegeren, mchoraji ambaye wahakiki walikuwa wamemdharau.

Kazi aliyoifanya inahitaji kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna elimu. Rangi ya mafuta huchukua miongo mingi kukauka hadi ndani. Wakati ule, mjuzi aliyeshuku picha aliigusa kwa pamba yenye spiriti, na rangi changa ililainika. Van Meegeren akachanganya rangi zake na kemikali zinazotengeneza bakelaiti, ile plastiki ngumu ya swichi za zamani, kisha akaoka picha kwenye tanuri. Spiriti haikuifanya kitu. Turubai alilolitumia lilikuwa la karne ya 17 kweli, baada ya kukwanguliwa picha ya mtu mwingine. Bluu yake ilisagwa kutoka jiwe la lapis lazuli, kama alivyofanya Vermeer. Hata nyufa alizitengeneza, kwa kulizungusha turubai kwenye kitu cha mviringo, kisha akazipaka weusi ufanane na vumbi la karne.

Wajuzi hawakumkamata. Vita ndivyo vilivyomkamata. Mwaka 1945 "Vermeer" mwingine alikutwa kwenye hazina ya Hermann Göring, kigogo wa Wanazi, na nyayo zikarudi hadi kwa van Meegeren. Alishtakiwa kumuuzia adui urithi wa taifa. Akiwa mahabusu akachagua aibu ndogo kuepa kubwa: ile si Vermeer, ni mimi. Hawakumwamini, ikabidi achore picha nyingine chini ya ulinzi. Kesi ilipofika mahakamani Amsterdam, Oktoba 1947, shitaka lilikuwa limebadilika kuwa kujipatia fedha kwa udanganyifu na kuweka majina na saini za uongo kwenye picha. Kuchora kama Vermeer peke yake hakukuwa jinai, kosa lilikuwa kulitumia jina la Vermeer kudanganya. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, akafariki Desemba kabla hajakianza. Kichekesho ni kwamba baadaye zilianza kuuzwa picha zenye saini ya van Meegeren ambazo van Meegeren hakuzichora.

Bado waliobisha walikuwepo, hadi mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Bernard Keisch, alipochapisha kipimo cha rangi nyeupe inayotokana na madini ya risasi. Ndani ya rangi hiyo mna aina ya risasi yenye mnunurisho, ambayo nusu yake hupotea kila baada ya miaka 22 hivi. Mawe yanapoyeyushwa, radiamu inayoizalisha upya huondolewa karibu yote. Kwa hiyo katika picha ya miaka 300 risasi hiyo imepungua hadi kulingana na radiamu kidogo iliyobaki, lakini kwenye picha ya Emau bado ilikuwa tele. Ubishi ukaisha.

Sasa ichukue maabara hiyo uilete Oysterbay. Hakuna tanuri, hakuna turubai la kukwangua. Mwanafunzi alikuwa na hadibodi ileile, kopo lilelile, brashi ileile, na mafunzo aliyapata kwa mwalimu mwenyewe. Picha iliyoghushiwa mwaka 1975 leo ina nusu karne. Imepauka kihalali, pembe zimeliwa kihalali, vumbi lake ni vumbi la kweli. Van Meegeren alilazimika kughushi muda. Huku kwetu muda umekuja wenyewe kumsaidia mghushi, na mashine inayotofautisha 1971 na 1975 katika rangi ya baiskeli sijaisikia.

Wachoraji wenyewe walijaribu kuweka uzio. Mwaka 1990 warithi wa mtindo walianzisha chama cha ushirika, makao yake palepale karibu na Morogoro Stores, na wanachama wakaweka majina yao kwenye kazi zao. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na kwa sheria hiyo COSOTA, taasisi ya kusimamia haki hizo. Lakini hakimiliki hulinda picha fulani ya mtu fulani, haiulindi mtindo. Chui mwenye madoa ya duara ni wa kila mtu.

Na usidhani saini halali hufunga mjadala. George Lilanga, mchongaji na mchoraji wa Kimakonde aliyefariki mwaka 2005, alikuwa na karakana ambamo wasaidizi walishika brashi, hasa alipodhoofishwa na kisukari. Jina la Lilanga, idhini ya Lilanga, mkono wa nani? Kwangu mimi hiyo si ghushi, ilimradi mnunuzi aambiwe. Ghushi za kweli za Lilanga nazo zipo, zinapitia mlango huohuo ulioachwa wazi.

Kinachobaki ni ushahidi wa aina ya kizamani. Wanunuzi wengi wa mwanzo walikuwa wageni waliorudi kwao, wengi wakiwa watu wa Skandinavia. Ubao wenye mwandiko wa mnunuzi nyuma yake una thamani. Picha ya albamu ya familia iliyopigwa sebuleni mwaka 1970, watoto wamekaa kwenye kochi na juu yao kunaonekana nusu ya ndege wa ubao huohuo, ina thamani kuliko cheti chochote cha muuzaji.

Pale dukani niliigeuza picha ya chui. Nyuma ubao ulikuwa mweupe wa upya, hauna hata tundu la msumari. Muuzaji aliniona, akacheka, akashusha bei hadi nusu. Nikamuuliza aliyechora hasa ni nani. Akaniambia kwa fahari kabisa kwamba ni mdogo wake, kijana ana mkono sana, yuko hapo nyuma. Nikamwambia basi aandike jina lake.

"La dogo?" akasema. "Sasa kaka, hilo nani atalinunua?"