Miwa ya Kasongo kabla ya pamba

Dai kwamba Wabelgiji ndio waliowafundisha watu wa Maniema, mashariki mwa Kongo, kulima lingali linarudiwa, na kutokana nalo wengi hudhani kwamba utamu uliingia huko ndani ya gunia la dukani. Shahidi wa kulikanusha ametoka katika jeshi la Wabelgiji wenyewe. Sidney Langford Hinde, daktari Mwingereza aliyefuatana na kamanda wao Dhanis, alishuhudia mji wa Kasongo wa Maniema ukitekwa kutoka kwa Waarabu-Waswahili Aprili 1893, na mwaka 1897 akachapisha kitabu juu ya vita hivyo. Wasomaji wake hukimbilia habari za mapigano. Kurasa za mashamba huzipita.

Kwa maelezo yake, msitu ulikuwa umefyekwa maili nyingi kuuzunguka mji, na humo ilistawi miwa, mpunga, mahindi na matunda. Shamba moja la mpunga lilimchukua saa moja na nusu kulivuka akiwa amepanda mnyama. Ndani ya nyumba, askari walikuta sukari, kitu ambacho maofisa walikuwa karibu wamekisahau. Wanaokiita kilimo hicho ustaarabu wa Waungwana, yaani Waswahili waliotawala mji huo, nawasikiliza kwa subira, ilimradi wasisahau kwamba jembe lilishikwa na watumwa. Wanaosema hapakuwa na kilimo sina la kujadiliana nao.

Badiliko kubwa lilikuja na Edmond Leplae, mkuu wa kilimo katika Wizara ya Makoloni kule Brussels kuanzia 1910 hadi 1933. Aliiga mfumo wa Waholanzi wa Java, ambako wanakijiji walilazimishwa kulima mazao ya serikali, miwa ikiwa miongoni mwayo. Amri ya Februari 1917 iliwaruhusu watawala kumtoza mwanakijiji hadi siku 60 za kilimo cha lazima kwa mwaka. Aliyekaidi alikabiliwa na faini au jela. Huko Java shuruti ilizaa sukari. Huko Maniema ilizaa pamba, na pamoja nayo mpunga wa kulisha kambi za migodi. Maofisa wa kilimo walikagua mashamba, na kampuni ya Cotonco ikanunua pamba kwa bei ambayo mkulima hakuipanga.

Muwa haukupigwa marufuku, wala haukuhitaji kupigwa. Zao lisilo na mkaguzi wala mnunuzi lilipata siku zilizobaki baada ya pamba, na kwa familia nyingi siku hizo zilikuwa chache. Viwanda vya sukari vilijengwa mbali: Moerbeke kule Kongo ya Chini katika miaka ya 1920, kisha Kiliba karibu na Uvira katika miaka ya 1950. Kiliba iliposimama kwa vita vya 1996, soko la mashariki liliachiwa sukari ya kuagizwa.

Kwa hiyo tunapoona chai ya Kabambare, huko huko Maniema, ikitiwa sukari iliyosafiri kutoka mbali, tusiseme kwamba ni mazoea ya walaji tu. Ladha ya watu hufuata yale ambayo serikali imeyapa ardhi, barabara na bei. Anayepanga leo sera ya kilimo ya Maniema aanze na swali ambalo Leplae hakuliuliza: mkulima akipewa uhuru wa kuchagua, atapanda nini kwa ajili ya chakula cha watoto wake?