Wamwaga Maji wa Usiku: Historia ya Uwanja wa Barafu wa Nyuma ya Nyumba

Leo naomba tuachane kidogo na nani kaachana na nani. Nina stori ya watu ambao majina yao hamtayasikia popote, japo staa mmoja mkubwa sana yumo. Subirini, nitamfikia.

Huku Nkoaranga ukimkuta mtu saa nane za usiku shambani na jembe na tochi, humshangai. Ni zamu yake ya mfereji. Maji yamemfikia usiku, basi usiku huohuo anayaelekeza kwenye migomba, kwa sababu akilala zamu inaenda kwa mwenzake.

Sasa mpeleke mtu huyohuyo Kanada mwezi wa kwanza, baridi nyuzi 15 chini ya sifuri. Kavaa makoti mawili, kashika mpira wa maji, anamwagilia uwanja nyuma ya nyumba yake usiku wa manane. Na huko pia jirani hashangai. Anajua watoto wa nyumba ile wiki ijayo watacheza hoki ya barafu.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Watu wanadhani baridi ikija barafu inajitengeneza tu. Wapi! Kazi inaanza kabla ya baridi, ardhi ikiwa bado laini. Unatafuta sehemu iliyo sawa, unavuta kamba, unaweka pima maji kama fundi anayejenga msingi. Maji hayana upendeleo. Uani kwako kukiwa na mteremko wa sentimita 30, upande wa juu ukipata sentimita 10 za maji, upande wa chini unapata 40. Hizo 40 zinachelewa kuganda, na uzito wake unasukuma mbao za pembeni mpaka zinang'oka.

Ukishapigilia mbao na kuziwekea vigingi kwa nje, unatandika turubai. Liwe jeupe. Rangi nyeusi inakunywa jua, barafu inaanza kuyeyuka kwa chini wewe huoni. Halafu unasubiri usiku kadhaa mfululizo wa baridi kali, unajaza maji, unakataza mtu yeyote kukanyaga.

Wazee wa zamani hawakuwa na turubai. Walishindilia theluji kwa miguu, wakainyunyizia maji kidogo, yakaganda, wakanyunyizia tena. Ukiwa na haraka ukamwaga mengi kwa pamoja, theluji inayeyuka na unabaki na tope. Barafu ikifika kama sentimita 10, watoto wanaingia. Na kila wakimaliza kucheza kuna mtu anafagia, anakwangua, anamwaga tena maji membamba juu. Wengi wanatumia ya moto, kwa sababu yanayeyusha kidogo barafu ya juu, yanaziba mikwaruzo, kisha yanashikana nayo yakiganda. Kesho usiku, tena. Keshokutwa, tena.

Majina yaliyobaki

Tarehe 3 Machi 1875, mjini Montreal, ilichezwa mechi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya hoki ya barafu iliyopangwa ndani ya jengo. Ilikuwa Victoria Skating Rink, wachezaji 9 kila upande. Jina lililobaki ni la James Creighton aliyeipanga. Lakini jengo lile halikuwa na mashine ya kugandisha. Barafu yake ilikuwa ya baridi ya nje na maji ya kumwagwa. Aliyeyamwaga ni nani? Hakuna anayemtaja.

Mwaka uliofuata, 1876, John Gamgee alifungua London uwanja wa kwanza wa barafu ya mashine. Alikuwa akihangaika na namna ya kugandisha nyama isafiri kutoka Australia bila kuoza, ndipo akapata wazo. Chini aliweka zege, udongo, nywele za ng'ombe (sitanii) na mbao, juu yake mabomba ya shaba ya kupitishia dawa ya baridi. Jina limebaki la Gamgee. Waliobeba nywele zile za ng'ombe, kimya.

Twende California. Frank Zamboni alikuwa na uwanja wake wa barafu mjini Paramount. Kila ilipotakiwa kulainishwa, trekta lilikwangua, vibarua wakazoa kwa koleo, wakaosha, wakamwaga maji, wakasubiri yagande. Kazi ya watu kadhaa, zaidi ya saa nzima. Mwaka 1949 Zamboni alikamilisha gari linalofanya yote hayo kwa dakika chache, dereva mmoja tu. Leo gari lile lenyewe linaitwa Zamboni. Wale vibarua wa koleo nao walikuwa na majina.

Yule staa sasa

Brantford, Ontario, miaka ya 1960. Fundi mmoja wa kampuni ya simu alichoka kusimama kwenye baridi ya bustani ya mji akimsubiri mwanawe amalize kuteleza. Akachukua kifaa cha kunyunyizia bustani, akagandisha uwanja nyuma ya nyumba, ili amwangalie mtoto kupitia dirisha la jikoni huku yeye akiota joto. Mtoto ni Wayne Gretzky. Alistaafu mwaka 1999 akiwa na mabao 894 kwenye ligi kuu ya NHL, rekodi iliyodumu hadi 2025.

Baba yake, Walter, alipata bahati ya kujulikana. Lakini kwa Gretzky mmoja kuna maelfu ya watoto ambao hawakuwa mastaa, na baba zao walimwaga maji vilevile.

Na kwetu je?

Msicheke. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua uwanja wa barafu. Ni mdogo kuliko uwanja kamili wa hoki, na baridi yake inanunuliwa kwa umeme. Humo ndimo walimokulia Kenya Ice Lions. Shida yao ilikuwa moja: hawakuwa na timu ya kupambana nayo. Mwaka 2018 wakapelekwa Kanada na kampuni ya kahawa ya huko, wakacheza mechi wakiwa na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la hoki la dunia.

Tuliwaona wachezaji. Lakini barafu inakwanguka Nairobi kama inavyokwanguka Brantford, na lazima kuna anayeimwagia maji tena wengine wakishaenda kulala.

Ninachoogopa ni hiki. Mfereji wa barafu wa Ottawa, ambao watu wanateleza juu yake tangu miaka ya 1970, haukufunguliwa kabisa msimu wa baridi wa 2022 kuingia 2023. Ilikuwa mara ya kwanza, na sababu ni baridi kutotosha. Kuanzia 2013 wenye viwanja vya nyuma ya nyumba wanaandikia mradi uitwao RinkWatch: leo imeganda, leo haikuganda. Watu walewale wasiojulikana, sasa wanahesabu siku zinazopotea.

Sisi tunalielewa hilo bila kufundishwa. Asubuhi ikiwa wazi tunaiona Kilimanjaro kutoka huku Meru. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo juu mwaka 1912 imekwisha, na ile hakuna mtu wa kuimwagia maji usiku.

Kwa hiyo mdau, kwenye mchezo wako, kwaya yako, timu ya mtaani kwako, yupo anayefika kabla yenu na kuondoka baada yenu. Anachora chaki, anafunga nyavu, anapanga viti. Mtaje jina hapo chini kwenye komenti. Nitayasoma yote.