Mkanda wa Mchukuzi

Huenda umepata kumwona bibi wa Kikuyu akitoka kuchanja kuni: ameinama mbele kidogo, mkanda umempita juu ya kipaji cha uso, na mzigo umelala mgongoni. Mkanda huo huitwa mukwa, nao hapo zamani ulikuwa wa ngozi. Je, umepata kufikiri kwamba hicho ni chombo chenye hekima, sawa na jembe au shoka?

Hebu tazama ufanyavyo kazi. Mzigo ukishikwa kwa mikono, misuli ya mikono na mabega huchoka upesi. Mkanda huupeleka uzito kichwani, shingoni na kwenye uti wa mgongo, mikono ikabaki huru. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza habari za majaribio yao katika jarida la sayansi liitwalo Nature. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliochukua mizigo juu ya utosi, na wa Kikuyu waliochukua kwa mkanda. Wote waliweza kubeba mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwenye kilo 60, basi, angechukua kilo 12 kana kwamba hana kitu.

Haja hiyo ya kumpunguzia mfanyakazi uchovu imewashughulisha na wenye viwanda. Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kuunda vazi la chuma lenye mitambo, jina lake Hardiman, ili alivaaye ainue kilo 680. Lakini lenyewe lilikuwa na uzito karibu kadiri hiyo hiyo, wala halikupata kuingia kazini. Siku hizi yako mavazi mepesi yenye springi, yanayowasaidia mafundi wa magari wafanyao kazi mikono ikiwa juu. Uzito wa mikono huhamia kiunoni.

Walakini tusidanganyike. Chombo hakiufuti mzigo, huuhamisha tu. Katika majaribio yale, mzigo ulipozidi asilimia 20, nguvu zilizotumika ziliongezeka pamoja nao. Tena, mtazame bibi aliyebeba kwa mkanda tangu usichana wake, anapovua kitambaa: huenda ukaona bonde jembamba kipajini pake. Huko ndiko uzito ulikokwenda.

Basi, usikiapo chombo kipya kikisifiwa, uliza: mzigo umehamia wapi, na ni nani aulipiaye?